Washa Taa ya Barazani

Haya wadogo zangu, Oktoba imekolea, maboga yamepangwa nje ya kila supamaketi, na maswali yenu yamejaa kwenye simu yangu. Karibu yote yanafanana. Mmehama kutoka fleti kwenda nyumba yenye baraza na vidato vitatu vya mbele, iwe Columbus, Louisville, Houston au kwingineko huku Marekani, na jirani ameshawadokeza kwamba jioni ya Halloween watoto watakuja kugonga mlango wakiomba pipi. Mpambe vipi? Mtumie kiasi gani? Na wapo wanaoniuliza kwa kunong'ona kama jambo lenyewe linamfaa mtu wa dini.

Nianze na wanong'onaji, maana jibu lao ni fupi. Mimi si shehe wala si mchungaji, na la imani kaa na mwenzako mliamue wenyewe. Ninachoweza kukueleza ni desturi ya mtaa. Taa ya barazani ikiwa imezimwa tarehe 31 Oktoba jioni, watoto wanapita. Hawagongi, hawanuni, na kesho yake mama yao atakusalimia kama kawaida. Huhitaji kubandika karatasi ya maelezo wala kujificha jikoni huku ukiwanyamazisha wanao. Zima taa, shusha mapazia, pika chai yako. Lakini ukiiwasha, umeshawaambia karibu, na ushauri wangu wote uliobaki ni wako wewe uliyewasha.

Kuna kundi la katikati pia, na ndilo kubwa kuliko yote: wanaotaka kuwapokea watoto wa jirani lakini hawataki mafuvu na mashetani mlangoni. Nawaelewa sana. Mtu aliyekuwapo Pemba au Unguja mwaka 1995, watu wakilala nje kwa hofu ya pepo aitwaye popobawa, si rahisi umwambie popo wa plastiki ni kichekesho. Basi jueni kwamba hamlazimiki. Mtoto wa miaka minne hahesabu mafuvu yako. Anatazama kama pana mwanga, kama njia inapitika, na kama mtu aliyesimama mlangoni anatabasamu. Maboga, majani makavu ya rangi ya dhahabu, taa za kamba na vyungu vya yale maua ya msimu yanayouzwa kila kona vinatosha kabisa, na havina jini hata mmoja. Sikukuu yenyewe imechukua jina lake kwenye mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki wenzetu kutoka Moshi hadi Bukavu wanaiadhimisha kwa namna yao tarehe 1 Novemba. Mambo ya mizimu yana mizizi ya zamani zaidi, Ireland na Uskoti, ambako watu walichonga sura za kutisha kwenye mizizi ya mboga, jamaa ya figili. Walipohamia Marekani wakakuta boga, kubwa na jepesi kuchonga, na mzizi ule ukasahaulika.

Na ninyi wa Maskati mnaonisoma, msicheke. Qaranqasho yenu ya katikati ya Ramadhani, watoto wakizunguka nyumba hadi nyumba na mifuko ya peremende na karanga, mgeni wa Ohio akiiona atasema amefika nyumbani.

Sasa kazi. Kabla ya kununua chochote, uliza mambo mawili: saa na idadi. Miji mingi hutangaza saa rasmi. Columbus jioni hii huitwa Beggars' Night, na muda uliozoeleka ni saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Des Moines, Iowa, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wamejenga maisha, kwa miongo mingi watoto walizunguka tarehe 30, siku moja kabla ya Marekani nzima, desturi iliyoanza mwaka 1938. Na kule mtoto hapewi pipi bure, lazima kwanza atoe kichekesho. Wa kwenu ana vitendawili tele vya bibi yake, hebu avitafsiri aone watu wazima wanavyokuna vichwa. Kuhusu idadi, muulize jirani aliyekaa mtaani miaka mingi. Mtaa mmoja hupata watoto kumi na wa pili yake ukapata mia mbili, na hakuna duka litakalokwambia wako ni upi.

Halafu tazama jua. Saa za huku zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo tarehe 31 Oktoba bado jioni ni ndefu. Columbus jua linatua kama saa 12 na nusu. Maana yake wale wadogo kabisa, wanaoshikwa mkono, wanakuja kukiwa bado na mwanga, na taa zako za rangi hawatazifaidi. Hao wanaona vitu: boga, robota la nyasi kavu, kitambaa chenye rangi. Wakubwa wanakuja giza likishaingia, na hao ndio wa taa. Baraza nyingi zinapendeza kwenye picha ya saa 2 usiku, na saa 12 zinaonekana kama mtu amesahau kuanua nguo. Pamba kwa macho ya makundi yote mawili. Mimi meza ya barazani huitandikia kanga yenye rangi ya chungwa iliyoiva, naweka maboga madogo juu yake, na sijaona pambo la dukani linaloishinda.

Njia ndiyo pambo la kwanza. Najua ulitaka nikwambie kuhusu buibui, lakini vumilia. Tembea kutoka barabarani hadi mlangoni kwako usiku, na kama unaye mtoto mrefu kidogo kupita meza, mwache atangulie. Mpira wa kumwagilia maji ukunje. Majani yaliyolowa fagia, yanateleza vibaya mno. Kidato kilicholegea kipigilie msumari leo. Waya wa ekstensheni usikatize njiani hata ukiufunika kwa zulia, maana mtoto huyo amevaa nguo ya malaika inayoburuta, amevaa barakoa inayomziba jicho moja, na mkono una ndoo ya pipi. Haoni miguu yake.

Kando ya njia hiyo kuna pambo la senti chache ambalo nalipenda kupita yote. Chukua mifuko ya karatasi ya kaki, ile ya kubebea chakula cha mchana. Kunja ukingo wa juu mara moja uwe mgumu na usimame. Mimina mchanga ndani, wa kiasi cha vidole viwili vya kina, ili upepo usiiangushe. Tumbukiza mshumaa wa betri. Ukitaka, mtoto achore macho kwa kalamu nene. Panga kila baada ya hatua mbili. Kukiwa mchana inaonekana mifuko tu, giza likiingia njia yote inawaka rangi ya asali na mtoto anajua wapi pa kukanyaga. Na mshumaa uwe wa betri, narudia. Wa moto wa kweli karibu na nguo za dukani zenye pindo za kuburuta ni kuita zimamoto, na Chama cha Taifa cha Kuzuia Moto cha hapa Marekani husema hivyohivyo kila mwaka.

Taa za kamba nazo zina lake. Soma kibandiko: ziwe zimeandikwa ni za matumizi ya nje, na ziwe na alama ya usalama ya UL. Za Krismasi za ndani zikinyeshewa zinaweza kukurushia cheche. Usiunganishe ekstensheni kwenye ekstensheni kwenye ekstensheni, jamani, tabia hiyo tuiache tulikotoka.

Haya, boga. Watu wengi huchonga mapema mno. Boga likishatobolewa lina siku tatu, nne, tano hivi, kisha linaota ukungu na kubonyea uso kama bibi asiye na meno. Kukiwa na baridi linasogea hadi juma moja. Kwa hiyo nunua mapema, liache zima barazani lipambe hivyohivyo, na lichonge tarehe 29 au 30. Kindi pia wataliheshimu zaidi likiwa zima, kwa sababu harufu ya nyama iliyokatwa huwaita mtaa mzima.

Chagua lenye kitako bapa na kikonyo kibichi, na usilinyanyue kwa kikonyo, kitabaki mkononi. Wengi hukata kifuniko juu. Mimi nakushauri ukate chini: toboa duara kwenye kitako, toa mbegu na nyuzi kwa upawa wa chuma, halafu boga unaliketisha juu ya taa yake kama kofia. Juu linabaki na nguvu na halibonyei upesi. Ukipenda kukata juu, kisu kilalie upande ili kifuniko kiwe na mteremko, la sivyo kitadumbukia ndani. Upande wa sura, kwangua kwa ndani hadi ukuta ubaki na unene wa sentimita mbili na nusu hivi, mwanga upenye. Mtoto achore, mtu mzima akate, na utumie ile misumeno midogo inayouzwa pamoja na michoro. Kisu cha kukatia nyama kinateleza kwenye ngozi ile ngumu, na wauguzi wa zamu ya Oktoba wanalijua hilo. Ukimaliza, lioshe kwa ndoo ya maji yenye kifuniko kimoja cha jiki, likaushe, kisha paka mafuta ya mgando kwenye kingo zote ulizokata zisisinyae. Mafuta hayo yanashika moto, na hiyo ni sababu nyingine ya mshumaa wa betri.

Sasa buibui wenu. Ule utando mweupe wa kuvuta, unaouzwa kwenye pakiti kama pamba, uweke ndani ya dirisha au chini ya paa la baraza penye watu. Usiutandaze kwenye miti na vichaka. Ndege wanakwama, popo wa kweli wanakwama, na asubuhi ni wewe utakayekuwa unakata nyuzi kwa mkasi huku kiumbe anakudonoa.

Na zile sanamu za kuruka na kupiga kelele mtu akipita karibu? Nitasema waziwazi: sizipendi. Zinamfurahisha mwenye nyumba. Nilimtazama mtoto mmoja aliyevalishwa unyuki, bawa moja limeshuka hadi kiunoni, akafika kidato cha pili cha nyumba ya jirani. Kitu kikacheka kutoka kichakani, macho mekundu. Hakulia. Aligeuka tu, akashuka kidato kimoja kimoja huku ameshika reli, akaenda kusimama nyuma ya baba yake, na hakuna pipi iliyoweza kumrudisha. Kama lazima uwe nayo, iweke mbali na njia, upande wa ua, wakubwa waifuate wenyewe. Izime kelele hadi jua litue na wadogo wamalize mzunguko wao.

Mifupa je? Mnaniuliza kuhusu lile jitu la mifupa la Home Depot, futi 12, karibu mita tatu na robo tatu, lililotoka mwaka 2020 kwa dola 299 likagombaniwa hadi madukani likaisha. Mdogo wangu, dola 299 ni bili ya umeme. Na pindi Novemba ikiingia utaliweka wapi? Kama una gereji tupu na hela ya kuchezea, nunua, sitakugombeza. Lakini usinunue kwa sababu jirani wa kushoto analo. Jirani wa kushoto amekuwa akikusanya mapambo hayo miaka na miaka, na bado anadaiwa kadi.

Pambo ambalo hakuna anayeliuza ni wewe mwenyewe. Vaa koti zito, maana Ohio na Minnesota mwisho wa Oktoba baridi inauma, weka kiti barazani, bakuli mapajani, na ukae hapo saa zote mbili. Ukikaa nje kengele hailii mara mia, mbwa habweki, mtoto mchanga ndani haamshwi, na watoto wanakuona tangu barabarani. Bakuli ukiliacha peke yake na karatasi ya "chukua moja", kijana wa kwanza wa sekondari atalimimina lote mfukoni, na wala usimlaumu sana. Nimegundua pia kwamba hii ndiyo jioni ambayo majirani wa Kimarekani, wanaopita mwaka mzima na gari wakipunga mkono, wanasimama mlangoni kwako na kukuuliza jina lako linatamkwaje. Wazazi unaowafahamu wanaweza kupata kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi kutoka kwenye chupa. Wanaikumbuka hadi kiangazi.

Cha kuwapa watoto: pipi na chokoleti ndogondogo zilizofungwa kiwandani, moja au mbili kwa kila mtoto. Usitoe kashata. Najua kashata zako, najua na visheti vyako, lakini mzazi asiyekufahamu atavitupa, na utaumia bure. Hofu hiyo ya sumu kwenye pipi ni ya zamani. Profesa Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amechunguza taarifa za tangu mwaka 1958 na hajapata hata kisa kimoja kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa na pipi za mtu asiyemfahamu. Kifo cha Texas cha mwaka 1974, kinachotajwa kila mara, kilikuwa kazi ya baba mzazi wa mtoto huyo. Hata hivyo hofu haisikilizi maprofesa. Kashata peleka kwa jirani mwenye jina, kesho yake, kwenye sahani.

Waislamu mnaonunua pipi ambazo zikibaki wanenu watakula, someni pakiti: zile laini za kuvutika na marshimelo nyingi zina jelatini, na huku jelatini mara nyingi ni ya nguruwe. Na kwa watoto wasioweza kula karanga au maziwa kuna jambo zuri nawaomba mlijue. Ukiona boga lililopakwa rangi iliyo kati ya buluu na kijani, nyumba hiyo ina vitu visivyoliwa: kalamu, vibandiko, mapovu ya kupuliza, bangili zinazong'aa gizani. Shirika la FARE linaloshughulikia mzio wa chakula lilieneza alama hiyo Marekani nzima mwaka 2014. Kopo dogo la rangi, boga moja, bakuli la pili lililowekwa mbali na la chokoleti, na umemfurahisha mtoto ambaye kwenye nyumba nyingine zote anapokea kitu cha kumkabidhi mama yake.

Watakuja pia watoto wasiosema neno. Wengine hawazungumzi kabisa, wengine aibu, wengine wametoka Goma mwezi uliopita na hawajui kwamba wanatakiwa kupaza sauti wakisema "trick or treat". Usiwangojeze. Watakuja vijana warefu kukuzidi, bila vazi lolote zaidi ya kofia. Wape. Kijana wa miaka 14 anayezunguka na mdogo wake kuomba pipi ni kijana ambaye usiku huo hayuko pabaya.

Ninyi wa fleti msijione mmeachwa. Muulize meneja kama ana vibandiko vya kuweka kwenye mlango wa anayepokea watoto, na mapambo yasizibe ujia wala mlango wa dharura. Makanisa na shule nyingi nazo huandaa jioni ya kupamba mabuti ya magari kwenye uwanja wa maegesho, watoto wakapita gari hadi gari. Pale unaweza kupamba buti lako kwa kanga na taa za betri, na hakuna atakayekuuliza mifupa iko wapi.

Na mwambie mzee wa nyumba, kama anatoka kazini saa hizo, aingie mtaani polepole kuliko anavyodhani inafaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia ajali za Marekani za miaka 1975 hadi 2016, ulikuta hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa na gari jioni ya Halloween iko juu kwa asilimia 43 kulinganisha na jioni nyingine za karibu na siku hiyo, na hatari hiyo hupanda zaidi kwa watoto wadogo. Gari lipaki kabla ya saa 12 ukiweza, na lisizibe njia ya watembeao, wasilazimike kushuka barabarani kulizunguka.

Tarehe 1 Novemba asubuhi mapambo yanashushwa bei hadi nusu. Hapo ndipo pa kununulia taa za mwakani. Boga ulilolichonga usimpe mnyama wala usile, hasa kama lilipata jiki. Lakini mbegu zake ulizitoa siku ya kuchonga, sivyo? Zioshe nyuzi, zikaushe, zikaange na chumvi. Na yale maboga mazima ya bei ya kutupa, usidanganyike na ukubwa: yale makubwa ya kuchongea yana nyama ya nyuzinyuzi na maji mengi, tui litaelea juu. Tafuta dogo, zito, lililoandikwa ni la pai, au lile la kijani la Kijapani linaloitwa kabocha. Hilo ndilo litakalokupa boga la nazi linalokaribia la nyumbani, na iliki usiionee haya.